Mali Iliyoachwa na Wenyewe: Istilahi na Historia ya Sheria za Kurejesha Mali, kutoka Kinyinya hadi Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya sheria za Rwanda zinazohusu mali iliyotengana na mwenyewe, hasa baada ya mwaka 1994, na kuzilinganisha na sheria za majirani. Hoja kuu ni kwamba jina ambalo sheria huipa mali ya namna hii huamua mapema nani atabeba mzigo wa kuthibitisha na nani atachukuliwa kuwa ameikosa kwa hiari yake. Kwa kuwa Kiswahili sasa ni lugha rasmi ya Rwanda na ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, uteuzi wa istilahi ya Kiswahili kwa dhana hii una matokeo ya kisheria. Makala yanapendekeza istilahi moja na kuitahadharisha nyingine.

Utangulizi

Kilima cha Kinyinya kiko kaskazini ya katikati ya jiji la Kigali, katika Wilaya ya Gasabo. Sekta inayobeba jina lake ina seli za Kagugu, Gacuriro, Gasharu na Murama. Wasikilizaji wa zamani wa redio wanakifahamu kilima hiki bila kukijua: tangu 1965 hadi 2015 milingoti ya kurushia matangazo ya Deutsche Welle ilisimama hapo, na sauti za Kiswahili zilizovuma Afrika Mashariki kwa masafa mafupi zilipita juu ya mashamba ya mihogo na maharage ya wakazi wake. Leo mashamba hayo yanazidi kupungua. Gacuriro ina mitaa ya nyumba za kisasa. Batsinda, ndani ya Kagugu, ina nyumba zilizojengwa kwa ajili ya watu waliohamishwa kutoka Kiyovu ya chini mwishoni mwa muongo wa 2000.

Kinyinya imechaguliwa kwa sababu mahali pamoja panakutanisha namna kadhaa za kutengana na mali ambazo watunga sera huzichanganya. Aliyehamishwa Kiyovu alitwaliwa mali yake kwa manufaa ya umma, chini ya Sheria Na. 18/2007 ya 19/04/2007, na suala lake ni fidia. Mwenye kiwanja aliyeko ughaibuni, au aliyefariki bila mrithi kujitokeza, yuko chini ya sheria nyingine kabisa. Aliyeporwa mabati na ng'ombe mwaka 1994 alisikilizwa na chombo cha tatu. Watu hawa wanaweza kuwa majirani wa ua mmoja. Afisa wa sekta anayewahudumia analazimika kwanza kujua kila mmoja wao anaitwaje na sheria, kwa kuwa jina ndilo litakaloamua mlango wa kuingilia.

Kuokota, kuficha, kuacha

Sheria za kurejesha mali hutofautiana kwa kitendo zinachokianzia. Katika fiqhi ya Kishafii, ambayo ndiyo iliyotawala mwambao wa Waswahili, mlango wa luqata huanzia kwa aliyeokota. Msingi wake ni Hadithi iliyopokewa na Zayd bin Khalid al-Juhani: mwokotaji akijue vyema kifuko cha fedha na kamba yake, kisha atangaze mwaka mzima; akija mwenyewe na kukieleza, apewe. Hata muda ukipita na mwokotaji akakitumia, mwenyewe akijitokeza anabaki na haki ya kulipwa. Jina lenyewe, luqata, ni kilichookotwa, na neno letu "kuokota" linafanya kazi ileile: halisemi lolote juu ya kosa la aliyepoteza.

Sheria za kikoloni za Kiingereza zilihamisha macho kutoka mkononi mwa mwokotaji hadi moyoni mwake. Kanuni za Adhabu za Kenya na Tanganyika, zilizofuata kielelezo kilichotungwa Queensland mwaka 1899, zinasema kuwa aliyeokota na kukifanya kitu kuwa chake hahesabiwi mwizi ikiwa wakati huo hakumjua mwenyewe na aliamini kwa sababu za msingi kwamba hawezi kupatikana. Upande wa Wabelgiji ulishika kitendo cha kuficha. Kanuni ya Adhabu ya Kongo ya mwaka 1940, iliyotumika pia Ruanda-Urundi, ilimwadhibu aliyekuta kitu kinachohamishika cha mtu mwingine, kisha akakificha au kumpa mtu wa tatu kwa nia ya udanganyifu.

Mifumo hii mitatu inaafikiana katika jambo moja: anayehojiwa ni aliye na mali mkononi. Aliyepoteza haulizwi kwa nini alipoteza. Sheria inapoanza kusema juu ya mali "iliyoachwa", mwelekeo wa swali unageuka, na anayehojiwa huwa ni yule asiyekuwepo.

Inkungu na urithi wake

Nchini Rwanda swali hilo ni la kale kuliko ukoloni. Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 2004, inapoorodhesha taratibu za jadi kama ubukonde na igikingi, inataja pia inkungu: utaratibu ulioipa mamlaka ya kisiasa ya mahali uwezo wa kugawa ardhi ambayo mwenyewe ametoweka au amekufa bila mrithi. Kwa mtazamo wa utawala, inkungu ilikuwa na busara yake. Ardhi isiyolimwa katika nchi yenye milima na watu wengi haikuachwa ikae pori. Lakini utaratibu huo uliweka mfano ambao haukufa na ufalme: kutokuwepo kwa mwenyewe kunamfungulia mtawala mlango.

Machafuko yaliyoanza Novemba 1959 na kuendelea katika miaka ya mwanzo ya 1960 yaliwakimbiza Watutsi wengi kwenda Uganda, Burundi, Tanganyika na Kongo. Ardhi na nyumba zao ziligawiwa wengine. Waliokuwa ughaibuni hawakuiacha mali yao kwa maana yoyote ambayo mzungumzaji wa kawaida angeikubali, walikimbia. Watoto wao walikulia Toro, Bukavu na Kigoma wakisikia habari za kilima fulani na mti fulani. Katika kumbukumbu za utawala wa mahali, hata hivyo, viwanja vile vilikuwa tayari na wenyewe wapya.

Mkataba wa Arusha ulilikabili jambo hili kwa uwazi usio wa kawaida katika mikataba ya amani. Itifaki ya kuwarejesha wakimbizi, iliyotiwa saini 9 Juni 1993, inaanza kwa kutambua haki ya mali kuwa haki ya msingi ya Wanyarwanda wote na haki ya kila mkimbizi kurudishiwa mali yake. Kisha inapendekeza, kwa ajili ya maelewano na maridhiano, kwamba waliotoka nchini zaidi ya miaka 10 iliyopita wasidai mali iliyokwisha kukaliwa na wengine, na badala yake serikali iwape ardhi na kuwasaidia kupata makazi. Ni pendekezo zito. Linasema kwa maneno mengine kwamba haki ipo lakini isitumike. Kwa maoni yangu, ustadi wa Itifaki ni kwamba haikutafuta neno la kuifuta haki ile. Haikuwaita wakimbizi wa 1959 watu waliotelekeza mali zao. Iliwaomba wasamehe dai, na kusamehe kunampa mtu hadhi ya mwenye dai.

Nyumba zilizokaliwa, 1994 hadi 1996

Mwaka uliofuata, Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi yaliangamiza familia nzima nzima, na baada ya ushindi wa RPF mnamo Julai mamilioni walihama kwa mielekeo miwili. Wakimbizi wa zamani waliingia kutoka Uganda, Burundi, Zaire na Tanzania. Wakimbizi wapya walitoka kwenda Goma, Bukavu na Ngara. Kigali ilibaki na nyumba zisizo na watu na ikapokea watu wasio na nyumba. Waliorudi walikaa walipokuta paa. Wengine walikaa katika nyumba za waliouawa, wengine katika nyumba za waliokimbia, na mara nyingi haikujulikana ipi ni ipi.

Serikali ilitoa mwaka 1996 amri ya waziri kuhusu usimamizi wa muda wa mali ya ardhi, iliyoweka ardhi zisizo na wenyewe chini ya uangalizi wa utawala huku ikitambua haki ya mwenyewe kurudishiwa pindi atakaporejea. Tarehe yake ni 23 Septemba 1996. Wiki chache baadaye, kati ya Novemba na Desemba, zaidi ya watu milioni 1 walirudi kutoka Zaire na Tanzania katika muda mfupi kiasi kwamba barabara zilijaa kwa siku nyingi. Neno "muda" lililokuwa katika amri likapata mtihani wake papo hapo.

Mashariki ya nchi, hasa Kibungo na Umutara, ufumbuzi uliochukuliwa ulikuwa kugawana mashamba, isaranganya kwa Kinyarwanda, na baadaye Sheria ya Ardhi ya mwaka 2005 ikautambua mgawanyo huo. Mjini haikuwezekana kugawana nyumba kwa namna ile. Nyumba ina mlango mmoja. Mwenyewe aliporudi, aliyekuwemo alitakiwa kutoka, na kutoka kwake kulimaanisha kutafuta pa kwenda katika jiji ambalo halikuwa na nafasi. Vilima vya pembezoni kama Kinyinya, vilivyokuwa vya mashamba wakati huo, ni sehemu ya jibu la swali la wapi Kigali ilipanuka baada ya hapo.

Maneno matatu ya sheria moja

Sheria Na. 28/2004 ya 03/12/2004 ilikuja kuuweka utaratibu huu katika mfumo wa kudumu: tume za kusimamia, wapangaji wa kulipa kodi ya nyumba, na fedha kuwekwa katika akaunti ya Benki Kuu kwa ajili ya mwenyewe. Ilifuatwa na Sheria Na. 39/2015 ya 22/08/2015. Wazo la msingi ni la uaminifu: serikali ni mtunzaji, wala haijajimilikisha. Anayejitokeza na kuthibitisha haki yake hurudishiwa.

Sheria za Rwanda huchapishwa katika Gazeti Rasmi kwa lugha zaidi ya moja, na hapa ndipo mtafiti wa lugha anapoona jambo ambalo mwanasheria hulipita. Matini ya Kinyarwanda inasema imitungo yasizwe na bene yo. Kitenzi ni gusiga, kuacha nyuma, kama mtu anavyoacha watoto nyumbani anapokwenda shambani au kuacha mali anapofariki. Marehemu naye "husiga" mke na watoto. Halafu linafuata bene yo, ambalo Mswahili hahitaji mkalimani kulitambua: ni "wenye" wetu, wenyewe wa mali ile. Sentensi ya Kinyarwanda, hata inapoeleza kutokuwepo, inamtaja mwenyewe kwa jina la umiliki. Mali imeachwa, na wenyewe wangali wenyewe.

Matini za Kifaransa na Kiingereza zinatumia neno moja la asili moja, abandonnés na abandoned. Katika mapokeo ya kisheria ya lugha hizo, kitu kilichoachwa kwa maana hiyo ni kile ambacho mwenyewe amekikana kwa hiari, na aliyekikana hana tena dai. Yaliyomo ndani ya vifungu yanapingana na maana hiyo, maana vifungu vinamlinda mwenyewe. Lakini anwani ya sheria husomwa na watu wengi kuliko vifungu vyake.

Tofauti hii iliwahi kufika mahakamani, japo kwa sura nyingine. Kampuni ya Union Trade Centre, iliyokuwa na jengo kubwa la biashara katikati ya Kigali, ilifungua shauri mwaka 2013 katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki baada ya jengo hilo kuwekwa chini ya tume ya mali zilizoachwa. Mwaka 2020 Divisheni ya Awali ilitoa uamuzi uliounga mkono kampuni. Siasa za shauri hilo na hatua zake zilizofuata si mada ya makala haya. Kinachotuhusu ni swali ambalo majaji walilazimika kulikabili: je, mali ya kampuni yenye wanahisa wanaojulikana na uongozi unaofanya kazi inaweza kuitwa iliyoachwa, eti kwa kuwa mmoja wa wamiliki yuko nje ya nchi? Msemaji wa Kinyarwanda akiulizwa bene yo ni nani, angewataja.

Iliyoporwa: njia ya Gacaca

Waliouawa hawakusiga chochote kwa hiari, na walionusurika walirudi kukuta kuta tupu. Kwao Kinyarwanda kilikuwa na kitenzi kingine, gusahura, kupora. Sheria ya Gacaca ya mwaka 2004 iliyaweka makosa ya mali katika kundi la tatu na kuyapeleka ngazi ya chini kabisa, seli, ambako watu walijuana. Hapakuwa na kifungo kwa makosa hayo. Palikuwa na kurejesha kilichoporwa kama kipo, kulipa thamani yake kama hakipo, au kufanya kazi yenye thamani hiyo kama mtu hana cha kulipa. Waliokwisha kupatana wenyewe kabla ya sheria, mbele ya mashahidi au ya mamlaka, hawakushtakiwa tena.

Mara nyingi Gacaca hujadiliwa kana kwamba ilihusu mauaji tu. Takwimu rasmi zinaeleza mambo kwa namna tofauti. Kati ya mashauri 1,958,634 yaliyoamuliwa hadi mahakama hizo zilipofungwa 18 Juni 2012, mashauri 1,320,554 yalikuwa ya mali: theluthi mbili. Katika seli za Kinyinya kama katika nchi nzima, sehemu kubwa ya kilichosemwa kwenye nyasi ilikuwa habari za milango, mabati, magodoro na ng'ombe. Anayedharau orodha hizo hajawahi kuhesabu mabati ya nyumba yake. Kwa mjane aliyebaki peke yake, bati lililoonekana juu ya paa la jirani lilikuwa ushahidi wa kila siku kwamba jirani alikuwepo.

Kinyarwanda kina kitenzi gusubiza chenye maana mbili zinazoshikamana: kurudisha, na kujibu. Anayerudisha mali anajibu. Kitenzi cha pili, kwishyura, ni kulipa. Hukumu nyingi ziliishia kwenye kwishyura kwa sababu ng'ombe wa 1994 hakuwepo tena, na malipo yakasuasua kwa umaskini wa wadaiwa. Baadhi ya madeni yamebaki mikononi mwa watekelezaji wa hukumu kwa miaka baada ya mahakama kufungwa. Kisheria thamani ni badala ya kitu. Kwa waliodai, kupokea fedha kutoka kwa wakala hakukuwa sawa na kuona mlango wao ukibebwa kurudishwa na aliyeuchukua.

Kampala: neno lililobadilishwa

Endapo mtu ana shaka kwamba jina la sheria lina uzito, historia ya Uganda inatosha kumwondolea. Mnamo Agosti 1972 Idi Amin aliamuru Waasia waondoke, wakapewa siku 90. Mali zao, maduka, viwanda, nyumba na mashamba ya miwa, ziligawiwa wengine au kuwekwa chini ya serikali. Amri ya 1973 iliyoratibu jambo hili, na bodi ya kuzitunza mali hizo, ziliwaita Waasia "walioondoka". Watu waliosukumwa hadi Entebbe wakiwa na sanduku moja waliingizwa katika sheria kama wasafiri. Aliyeondoka, kwa kawaida ya lugha, ameamua kuondoka, na mali yake ni kama kiti alichokiacha wazi.

Mwaka 1982 Bunge lilipitisha sheria mpya ya kurudisha mali hizo, na anwani yake ikazungumza juu ya mali "zilizotwaliwa". Kitenzi kilihama kutoka kwa mwenyewe kwenda kwa serikali, na pamoja nacho mzigo. Chini ya sheria ya 1982 mmiliki wa zamani aliweza kurudi, kuomba na kupewa hati. Mauzo na ugawaji wa zama za Amin ukaweza kubatilishwa. Urejeshaji wenyewe ulichukua miaka mingi, na wingi wake ulifanyika baada ya 1986. Bodi iliendelea kuitwa kwa jina lake la 1973, na jina hilo bado liko katika nyaraka za Kampala. Sijui kejeli ya kiutawala iliyo kamili kuliko hiyo: ofisi ya kuwarudishia watu waliofukuzwa ikiitwa kwa jina la walioondoka.

Istilahi ya Kiswahili

Kwa Sheria ya Kikaboni Na. 02/2017/OL ya 20/04/2017, Kiswahili kilikuwa lugha rasmi ya Rwanda. Kadiri kinavyoingia katika ofisi, mahakama na mikataba ya Jumuiya, dhana ya imitungo yasizwe na bene yo itahitaji jina moja la Kiswahili lisilobadilika kutoka waraka hadi waraka. Mfasiri anayeanzia matini ya Kiingereza atavutwa na "mali iliyotelekezwa". Makala haya yanashauri asikubali.

Kutelekeza katika Kiswahili sanifu ni kosa. Baba hutelekeza watoto; mkandarasi hutelekeza mradi. Zaidi ya hayo, neno hili lina makazi ya kisheria tayari. Nchini Tanzania, Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inaihesabu ardhi kuwa imetelekezwa, pamoja na sababu nyingine, ikiwa mwenye haki ameondoka nchini bila kuweka mtu wa kuisimamia, na hali hiyo inaweza kuishia katika kufutiwa miliki. Kwa hiyo "shamba lililotelekezwa" mbele ya afisa ardhi wa Morogoro ni shamba lililo njiani kurudi serikalini. Neno hilohilo likivuka Rusumo na kubandikwa kwenye sheria ya Rwanda, ambayo kusudi lake ni kumtunzia mwenyewe, litabeba mizigo ya Morogoro. Mnyarwanda aliyeko Nairobi akisoma kwamba kiwanja chake cha Kagugu "kimetelekezwa" ana kila sababu ya kudhani kwamba kimekwisha.

Kenya imetoa kielelezo bora zaidi, ingawa kwa mali ya namna nyingine. Sheria yake ya mwaka 2011, inayosimamia fedha zilizolala benki, bima na hisa ambazo wenyewe hawajazifuata, inazungumza juu ya mali isiyodaiwa. Neno hilo linaeleza hali bila kumhukumu mtu: halijadaiwa leo, laweza kudaiwa kesho. Linafaa kwa fedha. Kwa nyumba na ardhi za Rwanda halitoshi, kwa sababu nyingi zilikuwa na wadai zaidi ya mmoja.

Ninapendekeza "mali iliyoachwa na wenyewe", tafsiri iliyo karibu kabisa na Kinyarwanda, na kwamba sehemu ya pili, "na wenyewe", isikatwe hata pale mwandishi wa waraka anapobanwa na nafasi. "Kutelekeza" libaki kwa maana yake ya Tanzania, yaani kukiuka masharti ya miliki. "Iliyoporwa" itumike kwa mali za 1994 zilizochukuliwa na watu binafsi, na "iliyotwaliwa" kwa zile zilizochukuliwa na dola, ziwe na fidia au zisiwe nayo. Faharasa yoyote ya kisheria itakayoandaliwa chini ya Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ingefaa kuyatenga maneno haya manne kabla hayajazoeleka vibaya, na fomu ya kudai mali katika ofisi ya sekta kama ya Kinyinya ingefaa kuanza na nafasi ya jina la mwenyewe, kisha ndipo ifuate nafasi ya kueleza ni kwa nini hakuwepo.